Safu ya 99: makala niliyoomba iondolewe

Barua pepe ile iliingia usiku, nikiwa karibu kufunga kompyuta. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa uzamili ambaye sikuwahi kumsikia, wa chuo ambacho sikuwahi kukitembelea. Alisalimu, akashukuru kwamba niliweka data za utafiti wangu wazi kwa kila mtu, kisha akauliza swali moja: "Kwenye safu ya miezi ya matibabu, namba 99 ina maana gani?"

Nilijua palepale. Wala sikuhitaji kufungua faili. Tumbo lilishajibu.

Utafiti ulihusu wagonjwa wa shinikizo la damu na sababu zinazowafanya waruke dozi. Tuliwauliza wana miezi mingapi tangu waanze dawa. Asiyekumbuka, mkusanya data alimwandikia 99. Huo ni utaratibu wa kawaida katika madodoso: unatenga namba fulani iwe alama ya "sijui" au "hakujibu", na kabla ya kuchakata unaiambia programu kwamba hiyo ihesabiwe kuwa nafasi tupu. Kwenye umri nilifanya hivyo. Kwenye elimu nilifanya. Kwenye miezi ya matibabu nikapitiwa. Na safu hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote kupitiwa, maana miezi 99 ni miaka minane na miezi mitatu, muda ambao mgonjwa wa shinikizo anaweza kabisa kuwa ametumia dawa. Namba ile ilikaa katikati ya wenzake ikafanana nao, hakuna aliyeishtukia.

Matokeo yetu makuu yalikuwa kwamba waliotumia dawa kwa muda mrefu ndio wanaoruka dozi zaidi. Tuliyaeleza kwa ufasaha. Tuliandika kurasa mbili kuhusu uchovu wa matibabu na mgonjwa kuuzoea ugonjwa wake. Kumbe wale wasiokumbuka walianza dawa lini ndio haohao wasiokumbuka kuzimeza, nami nikawahesabu kuwa wakongwe. Nilipozitoa zile 99 usiku uleule, mstari uliokuwa ukipanda kwenye mchoro ukalala chali.

Sikumjibu mwanafunzi yule kwa siku tisa.

Sababu ya ukimya huo ilianza miaka mingi nyuma. Nilipoanza kazi hii nilikuwa msomaji wa ikisiri. Chuo nilichosoma hakikuwa na uwezo wa kulipia majarida mengi, kwa hiyo karibu kila makala niliyoihitaji ilinionyesha aya moja ya muhtasari na chini yake kisanduku cha kudai malipo. Nikafanya walichofanya wenzangu wote: nilisoma ikisiri, nikainukuu makala kana kwamba nimeimaliza. Katika tasnifu yangu kuna marejeleo ambayo sikuwahi kuuona ukurasa wake wa pili. Watu wakizungumzia uadilifu katika utafiti hutaja wizi wa maandishi na kughushi data, lakini ni mara chache kusikia likitajwa jambo hili dogo la kila siku linalozaliwa na mlango uliofungwa. Miaka baadaye nilipoipata mojawapo ya makala hizo nzima, nilikuta ile sentensi niliyoinukuu kwa kujiamini ilihusu wagonjwa waliolazwa tu. Mwandishi alilieleza hilo vizuri ndani. Mimi nilikuwa nimeitandaza kwa wagonjwa wote.

Mlango huo umewahi kuwa na uzito mkubwa kuliko tasnifu yangu. Mwaka 1982 watafiti wa Ulaya walichapisha makala iliyoonyesha kwamba baadhi ya watu nchini Liberia walikuwa na kingamwili za Ebola, wakashauri nchi hiyo ihesabiwe miongoni mwa maeneo ya ugonjwa huo. Mlipuko mkubwa ulipoikumba Liberia mwaka 2014, viongozi wa afya wa nchi hiyo hawakuwa na habari ya onyo hilo. Dkt. Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali, pamoja na wenzake wawili waliliandika jambo hilo mwaka 2015 katika The New York Times. Walieleza kwamba hakukuwa na mwanasayansi wa Liberia miongoni mwa waandishi, na kwamba kununua makala moja ya namna hiyo kungemgharimu daktari wa huko karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Damu ilitoka kwao, maarifa yakafungiwa wasikoweza kufika. Nilisoma habari ile nikiwa mtafiti tayari, na sijawahi kuisahau.

Mlango huo ulikuwa umeshanichosha kabla ya hapo, kwa hiyo Azimio la Budapest la mwaka 2002, lililotaka makala za kitaaluma ziwekwe kwenye intaneti bila malipo ili yeyote asome, anakili, asambaze na kuzifanyia kazi, nililisoma kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa jina lake. Wanafizikia walikuwa wameshaonyesha njia tangu 1991, Paul Ginsparg alipoanzisha hifadhi ya arXiv ambako mtu huweka andiko lake hata kabla jarida halijalipokea. Nikajiapiza kwamba kazi yangu ya kwanza nitaichapisha wazi.

Nikaangukia mikononi mwa matapeli.

Barua yao ilianza "Mheshimiwa Profesa". Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza uzamili. Walisema wamevutiwa na mada yangu, jarida lao ni la kimataifa, la ufikiaji huria, yaani msomaji halipi, na uhakiki wao ni wa haraka. Uharaka huo ulikuwa wa kweli: nilituma makala Jumatatu, Ijumaa nikajulishwa kwamba imekubaliwa. Ripoti ya mhakiki, mtaalamu anayepaswa kuichunguza makala kabla haijachapishwa, ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema kazi ni nzuri, wa pili ulinitaka nirekebishe nafasi kati ya aya. Nililipa ada kwa pesa ambazo sikuwa nazo. Wiki iliyofuata makala ikawa hewani, na mimi nikawaonyesha watu kiungo chake.

Siku hizi nayaita majarida ya namna ile majarida hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa: kwenye orodha wamo, mshahara unatoka, ukienda ofisini humkuti mtu.

Nililigundua hilo kwa kosa dogo. Jina la dawa moja lilikuwa limekosewa herufi, tena kosa langu mwenyewe, na herufi ile ilikuwa inaibadilisha dawa kuwa nyingine. Nikaandika kuomba sahihisho. Kimya. Nikaandika tena, barua ikarudi. Nikamtafuta mhariri mkuu aliyetajwa kwenye tovuti, nikampata kupitia chuo chake. Akanijibu kwa upole kwamba hajawahi kulihariri jarida hilo na amekuwa akiomba jina lake liondolewe bila mafanikio. Mwishowe nikaomba makala yangu yote iondolewe. Hapo wakaibuka, siku hiyohiyo, wakinitumia ankara ya ada ya kuondoa makala.

Kilichonichoma ni kwamba data zile zilikuwa za kweli. Nilizikusanya kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, na wagonjwa walinifungulia milango yao wakanieleza mambo ambayo hata ndugu zao hawakuambiwa. Hakuna jarida lingine ambalo lingeipokea kazi hiyo tena, maana ilishachapishwa. Hakuna mtafiti makini ambaye angeinukuu, kwa kuwa angeona imechapishwa wapi. Nikikumbuka sura za waliojibu maswali yangu, naona aibu kuliko nionavyo kwa kosa lingine lolote nililowahi kufanya kazini.

Niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulisikia: utapeli huo haukuletwa na ufikiaji huria, ingawa ulipata upenyo hapo. Pale mwandishi anapolipa kwa kila makala inayokubaliwa, jarida linapata pesa kwa kusema ndiyo, na asiye na dhamiri atasema ndiyo kwa kila mtu. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alituma makala ya kubuni yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 yanayotoza ada, na 157 yakaikubali. Nilipoisoma habari hiyo katika jarida la Science nilijiona mwenyewe mle ndani. Lakini hakuituma kwa majarida ya kulipiwa na msomaji, kwa hiyo hatukupata cha kulinganisha, na watu wakaondoka wakidhani uwazi ndio ugonjwa. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2017, lilinifundisha zaidi. Watafiti wa Poland walimbuni mwanazuoni asiyekuwepo, wakamwita Anna O. Szust, wakamwombea nafasi ya uhariri katika majarida 360. Neno oszust kwa Kipolandi ni tapeli. Majarida 48 yalimpa kazi, na manane kati ya hayo yalikuwa kwenye orodha inayoheshimika ya majarida huria.

Yako majarida huria yasiyomtoza msomaji wala mwandishi. Yanabebwa na vyuo, vyama vya wanataaluma na fedha za umma, na wenyewe huita njia hiyo ya almasi. Iko pia njia ya kijani, ya kuiweka nakala yako iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo. Ningeijua mapema ningeokoka.

Sasa mnaelewa zile siku tisa. Mara ya mwisho nilipojaribu kurekebisha makala yangu, nilibisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Na safari hii kosa halikuwa la herufi moja. Makala ilikuwa kwenye jarida zuri, imenukuliwa, imenipa nafasi ya kuzungumza mikutanoni, na imebeba majina ya watu wanne. Nililala nikiwaza, nikaamka nikiwaza. Siku ya sita nikamwandikia mmoja wa waandishi wenzangu. Akanipigia simu.

"Hizo data ziko kwenye hifadhi, si ndiyo? Badilisha faili. Weka iliyosafishwa. Kijana mwambie aliangalia toleo la zamani."

Sikumkasirikia. Alikuwa na hofu, na hofu yake niliijua kwa kuwa nilikuwa nayo. Lakini nilipoingia kwenye hifadhi niliona jambo ambalo nilikuwa nalitazama kila siku bila kulitilia maanani. Tulitumia Zenodo, hifadhi iliyoanzishwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mwaka 2013. Ukipakia faili jipya pale, la zamani halifutiki. Linabaki na tarehe yake na namba yake ya kudumu, na jipya linapewa namba nyingine. Hata ningetaka kudanganya, ningeacha nyayo. Nilikaa mbele ya skrini nikashukuru kwamba aliyeujenga mfumo ule hakuniamini mimi wala mtu mwingine yeyote.

Nikampigia msimamizi wangu wa zamani, ambaye mpaka leo namwita Mwalimu, na jina lake lilikuwa la mwisho katika orodha ya waandishi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona sauti iko chini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Ukizitoa, matokeo yanabaki?"

"Hayabaki, Mwalimu."

"Basi makala haipo. Kuna karatasi tu."

Nilimjibu mwanafunzi yule usiku huo. Nilimwambia 99 ina maana ya "hakumbuki", kwamba sikuitenga, kwamba matokeo makuu hayasimami, na kwamba kesho ninaliandikia jarida. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa. Alijibu kwa mistari mitatu na mmoja wapo ulisema: "Nilidhani mimi ndiye nisiyeelewa."

Mstari huo umebaki nami. Kijana aliyekuwa sahihi alikaa siku tisa akidhani hajui, kwa sababu mimi nilikuwa na jina kwenye ukurasa wa kwanza na yeye hana.

Mhariri alinijibu asubuhi iliyofuata, mtu mwenye jina lake, aliyeniandikia kwa mkono wake na si kwa barua ya kunakili. Alitaka maelezo ya maandishi ya kosa lilivyotokea, data zilizorekebishwa, amri zote tulizoipa programu ya takwimu, na ridhaa ya kila mwandishi. Kupata ridhaa kulichukua muda mrefu kuliko kazi yote iliyobaki. Yule aliyependekeza tubadilishe faili alikubali mwishoni, baada ya Mwalimu kuzungumza naye faragha, na sijawahi kuuliza walisemezana nini. Jarida likatafuta mtakwimu ambaye hakuhusika na uhakiki wa kwanza, akarudia hesabu zetu kutoka mwanzo.

Nilitarajia sahihisho, kijitangazo chini ya ukurasa. Mhariri alinieleza kwamba sahihisho ni la makala ambayo matokeo yake bado yanasimama. Yetu ingeondolewa, kisha toleo jipya lipitiwe upya kama makala mpya. Nilimwomba asitumie neno kuondolewa. Alikataa, lakini alinionyesha mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza mwaka 1997, unaoagiza kwamba tangazo la kuondoa makala liseme nani anaiondoa na kwa nini, litenganishe kosa la bahati mbaya na udanganyifu, na lisomeke bila malipo. Tangazo letu likaandikwa hivyo: waandishi wenyewe wameomba, sababu ni thamani ya "hakumbuki" kuhesabiwa kuwa miezi, na kosa liliibuliwa na msomaji aliyechunguza data zilizowekwa wazi. Mwanafunzi aliomba jina lake lisitajwe.

Miezi mitano baada ya barua ile, neno IMEONDOLEWA likapigwa kwa mshazari juu ya kila ukurasa wa makala yangu bora. Niliifungua mara moja, nikafunga. Inauma, sitadanganya. Toleo jipya lilitoka baadaye, likisema kwamba muda wa matibabu haukuonyesha uhusiano wowote na kuruka dozi. Ni makala isiyosisimua. Ripoti za wahakiki zimechapishwa pembeni yake, na yeyote anaweza kuona walinibana wapi na nilijibu nini. Naipenda kuliko ile ya kwanza.

Tangu hapo nimebadilika namna ya kulipima jarida. Zamani niliuliza makala zake hunukuliwa mara ngapi na linajibu baada ya muda gani. Siku hizi naenda moja kwa moja kutafuta masahihisho yao. Jarida la miaka mingi lisilo na sahihisho hata moja, wala makala moja iliyoondolewa, linanitia wasiwasi, kwa kuwa sijawahi kukutana na watafiti wasiokosea. Naangalia kama mhariri ana anwani inayopokea barua. Naangalia kama data zinadaiwa kweli, maana majarida mengi yanaridhika na ile sentensi ya "data zitatolewa zikiombwa", na ukiziomba hutopewa.

Uwazi wa kusoma peke yake hautoshi, na hapa ndipo nilipokuwa nimekosea tangu ujana wangu. Nilidhani mlango ukifunguliwa kazi imekwisha. Makala yangu ya jarida hewa iko wazi kabisa, mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, na ile dawa iliyokosewa herufi imo mpaka kesho. Ile nyingine ilipona kwa sababu kilichokuwa wazi ni zaidi ya maandishi: data, amri za programu, na anwani ya mtu anayeweza kuulizwa.

Angalieni tofauti ya muda. Mwaka 1998 The Lancet ilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Iliondolewa kikamilifu mwaka 2010, baada ya mwandishi wa habari Brian Deer kuchimba kwa miaka. Miaka 12, na kwa muda wote huo kuna wazazi waliogopa kuwachanja watoto wao. Mwaka 2020 jarida hilohilo lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa corona, iliyodai kutumia rekodi za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, zote kupitia kampuni ya Surgisphere. Ilitoka Mei 22, ikaondolewa Juni 4. Siku 13. Watafiti kwa makumi walitia saini barua ya wazi wakihoji hesabu na kudai data, kampuni ikashindwa kuzitoa kwa wachunguzi huru, na waandishi watatu kati ya wanne wakajitoa. Siku hizo 13 nazo zilikuwa na madhara, kwani majaribio ya tiba yalisimamishwa kwa ajili yake. Lakini nikipewa kuchagua kati ya miaka 12 na siku 13 sihitaji kufikiri. Na The Lancet si jarida la mtaani. Jina kubwa halikuzuia lolote katika visa vyote viwili.

Sasa nahakiki makala za wengine, na hali imekuwa ngumu. Viwanda vya makala vinauza nafasi ya mwandishi kama tiketi. Mwaka 2023 mchapishaji Wiley aliondoa makala zaidi ya 8,000 kutoka majarida ya kampuni yake ya Hindawi. Makala za namna hiyo mara nyingi hutambulika kwa lugha. Programu ya kubadilisha maneno hupewa maandishi ya kuibwa, ikayavisha visawe ili yasitambulike. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na wenzake walikusanya mifano yake wakaiita maneno yaliyoteswa. Saratani ya matiti inageuka kuwa "hatari ya kifuani", na akili bandia inakuwa "fahamu ya kughushi". Mara ya kwanza kukutana nayo kwenye makala niliyotumwa kuihakiki, nilidhani mwandishi ni mtu anayehangaika na lugha ya kigeni, nikamwonea huruma, nikaanza kumsahihishia maneno yake moja baada ya jingine kwa jioni nzima. Nilipofika kwenye "hatari ya kifuani" kalamu ikasimama. Jioni yangu ilikuwa imeibwa, na waliokosa huruma hiyo ni waandishi wa kweli wanaohangaika na lugha, ambao siku hizi nawasoma kwa shaka wasiyostahili.

Kuna pia picha. Elisabeth Bik, mtaalamu wa mikrobiolojia, alizipitia kwa macho makala 20,621 za sayansi za tiba na viumbe, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 akaripoti kwamba karibu asilimia 4 zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyostahili. Kwa macho yake mwenyewe! Nikisikia mtu akisema tatizo hili litamalizwa na programu fulani, namkumbuka yeye.

Mimi nina tabia moja ndogo. Kabla ya kutuma makala, nalinganisha orodha yangu ya marejeleo na hifadhidata ya Retraction Watch inayoorodhesha makala zilizoondolewa, ambayo tangu 2023 iko mikononi mwa Crossref, shirika linalosajili namba za kudumu za makala, na iko wazi kwa wote. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilikuta nimeinukuu makala iliyoondolewa miaka mitatu kabla. Nilikuwa na nakala ya zamani kwenye kompyuta, isiyo na lile neno la mshazari, na sikuwahi kurudi kwenye ukurasa wake.

Mwaka jana nilikaa mbele ya kamati ya kupandishwa cheo. Watu saba, faili langu mbele yao. Chuo chetu hakijasaini tamko la DORA, lile la mwaka 2012 linalokataa kumpima mtafiti kwa alama za jarida alilochapisha, na utaratibu wao ni wa kuhesabu: makala moja, pointi kadhaa. Mwenyekiti alifika kwenye ile iliyoondolewa. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye wasifu wangu, pamoja na tangazo lake na toleo jipya.

"Hii Daktari kwa nini umeiweka? Inakupunguzia."

Nikaeleza habari ya 99, kama nilivyoieleza hapa, kwa ufupi. Mmoja wao aliandika kitu. Wengine walitazamana. Mwenyekiti akasema wataiondoa kwenye hesabu, na toleo jipya watalihesabu kuwa nusu, kwa kuwa ni kazi ileile. Sikupinga.

Kisha akashuka chini, kwenye makala yangu ya kwanza, ile ya jarida hewa. Hakuuliza kitu. Aliweka alama ya vema, akampa katibu namba: pointi kamili, ya kimataifa.

Nilisema, "Samahani, Mwenyekiti. Hiyo naomba itoke."

Akanitazama. Nikamwambia kwamba haikuhakikiwa na mtu yeyote, kwamba ina jina la dawa lisilo sahihi, na kwamba nimeshindwa kuirekebisha kwa miaka yote hii. Data zake nimeziweka kwenye hifadhi pamoja na maelezo ya kosa, nikataja namba yake. Katibu aliuliza kama nina hakika, kwa maana bila pointi hizo sifikishi kiwango mwaka huu.

Nikasema nina hakika. Akaufuta mstari.